Mkono wa Askofu

Barnabé alikuja Kindu kwa biashara, si kwa dini. Alitoka Butembo na vitambaa, sabuni na misumari, akafungua duka karibu na stesheni ya treni. Jumapili duka lilipofungwa, alikaa uani na mke wake Mado wakasoma sala za asubuhi katika kitabu walichokulia nacho. Kwao walikuwa Waanglikana tangu enzi za bibi zao. Kindu walikuta Wakatoliki wenye mnara wao, Wamethodisti, na misikiti ya tangu zamani za Waungwana, Waislamu waliofuata misafara ya pwani, lakini kanisa lao halikuwapo. Wafanyabiashara wengine wa kwao waliposikia kwamba kwa Barnabé kuna sala, walianza kuja, kila mmoja na kiti chake.

Nyuma ya ua huo wa matete aliishi Halima. Yeye hakuwa mgeni Kindu. Ukoo wake ulikuwapo kabla ya reli. Mume wake alikuwa amefariki, naye alikaanga mikate ya mchele akiuza asubuhi kwa abiria wa treni. Kila Jumapili alikuwa akisikia nyimbo zikipita katikati ya matete, akazisikiliza muda mrefu bila kumwambia mtu. Halafu Jumapili moja akazunguka, akaingia kwa mlango wa barabarani kama mgeni anayejua heshima.

"Nimeishasikia kutoka kule," alisema. "Leo nataka kusikia kutoka hapa."

Kaka yake Hamadi, fundi cherehani ambaye pia alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaa, alikaa miezi bila kumsemesha. Mwishowe akaja nyumbani kwake, akakaa kizingitini. "Dada, siwezi kukufunga kamba," alimwambia. "Lakini ukikwama huko, usiogope kurudi."

Baada ya Halima wakaja wengine wa hapa hapa. Alikuja Okito, mzaliwa wa Tunda aliyefanya kazi relini. Alikuja Geneviève, mkulima wa mpunga, aliyevuka mto kwa mtumbwi kila Jumapili kutoka Alunguli. Ua ukajaa, na Barnabé akajikuta anaitwa Mwalimu. Jina hilo lilimtia hofu kidogo, maana alijua mpaka wake. Aliweza kusoma sala, kufundisha na kuzika. Kubariki mkate na divai hakuweza, kwa sababu hakuwa kasisi.

Kasisi alikuja mara moja tu, juu ya mizigo ya lori kutoka Bukavu, vumbi limemfika mpaka kwenye nyusi. Alibatiza watu wa uani, Halima akiwa wa kwanza, na kesho yake akaandaa Meza ya Bwana. Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho Barnabé hakukiwazia. Kasisi aliwaita mezani wale tu waliokwisha kupata kipaimara, yaani waliowekewa mikono kichwani na askofu. Barnabé akasimama, Mado akasimama, na wafanyabiashara wenzao. Wengine wote wakabaki vitini.

Halima alimngojea Barnabé mlangoni.

"Mwalimu, leo niliona kitu. Watu wa Butembo walikula, watu wa Kindu walitazama."

"Si mambo ya kabila, Mama Halima. Sisi tuliwekewa mikono kule kwetu. Nyinyi bado. Ubatizo unakuingiza nyumbani. Mukono wa askofu njo unakukalisha mezani."

"Na askofu iko wapi?"

"Bukavu."

"Basi tutamungoja," Halima alisema, kwa wepesi, kama mtu anayengoja treni ya kesho.

Wakangoja. Mwaka mmoja askofu alishindwa kwa sababu ya petroli. Mwaka mwingine barabara ya Bukavu ilikatika, magari yakazama katika matope hadi milangoni. Mwaka uliofuata aliugua. Kila mara Barnabé alikuwa amewafundisha watu wake mpaka wamejua maneno yote, na kila mara habari ilipokuja kwamba askofu haji, alianza kuwafundisha upya, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya nao. Mjini wakapewa jina: kanisa la watazamaji. Wachungaji wengine walimwambia Okito waziwazi, "Njoo kwetu, utakula Jumapili hii hii." Baadhi walikwenda.

Hata Hamadi aliuliza, siku aliyokuja dukani kununua uzi. Hakuuliza kwa kejeli. "Kwetu muntu anaingia kwa shahada, na jua halijazama amekwisha kuingia. Kwenu njo inahitaji petroli?"

Barnabé alicheka, lakini neno hilo lilibaki naye. Alijiuliza mara nyingi kwa nini asiwaachie waende mezani bila kumngoja askofu. Jibu lake lilikuwa lile lile: pale uani hapakuwa na jengo, wala kengele, wala kasisi. Kilichowaunganisha na wenzao wa Butembo, wa Boga na wa mbali kuliko huko kilikuwa utaratibu huo tu. Akiulegeza, ua ule utakuwa dini ya mwenye duka.

Wakati huo miguu ya Halima ilikuwa imeanza kuvimba. Alipanda ngazi mbili za duka akipumzika katikati. Daktari alisema ni moyo, akamkataza chumvi. Halima akaendelea kukaanga mikate akiwa ameketi.

Ndipo Xavier, mwenye malori, aliyekuwa na fonia, redio ya kuongea na ofisi yake ya Bukavu, akaja mbio kwa Barnabé na habari. Askofu amepata nafasi katika ndege ndogo. Atafika mwezi wa tano, tarehe ishirini, asubuhi, na atarudi jioni ile ile.

Mado ndiye aliyekumbuka kwanza. "Tarehe ishirini ni siku ya Chama." Chama kilikuwa kimoja tu nchini, na siku yake ilikuwa amri kwa wote.

Barnabé alivaa suti yake ya abakosi, isiyo na tai, akaenda kwenye ofisi ya komiseri, mkuu wa serikali pale. Karani alimsikiliza vizuri. Alisema asubuhi kutakuwa gwaride na hotuba, kuna mkubwa atakuja kutoka Kinshasa, lakini saa sita kila mtu atakuwa huru na watu wa dini watafanya mambo yao. Barnabé akarudi na moyo mwepesi. Alikata kitambaa cheupe dukani, Mado na Geneviève wakashona vilemba vya wanawake. Wanaume walitafuta mashati meupe. Halima alifunga kilemba chake siku mbili kabla, akamwita Hamadi aje amwone. Hamadi aliangalia mshono, akasema Geneviève ameukaza uzi kupita kiasi, akaomba sindano akautengeneza.

Tarehe ishirini watu wote walitolewa nyumbani mapema. Vijana wa Chama walipita mtaa kwa mtaa; mgonjwa na mzima, Muislamu na Mkristo, wote uwanjani. Barnabé aliwaweka watu wake pamoja, upande wa kushoto wa jukwaa, wapate kuondoka pamoja. Halima alikuja akishikwa mkono na Okito. Kijana mmoja wa Chama alipoona vilemba vyeupe alisimama mbele yao.

"Hii ni nini? Leo rangi ni ya kijani."

"Ni ya sala, mutoto wangu," Halima alisema. "Tutasali baadaye."

"Basi mutavaa baadaye."

Wakavivua. Halima alikikunja chake taratibu, akakitia kifuani, ndani ya blauzi.

Ndege ndogo ikapita juu ya uwanja, ikashuka upande wa kiwanja cha ndege. Watu wa uani wakatazamana. Barnabé alikuwa amemtuma Xavier akampokee askofu, lakini baada ya muda lililoingia uwanjani lilikuwa gari la ofisi ya komiseri. Akashuka mtu mwenye kanzu ya zambarau. Akaongozwa mpaka jukwaani, akaketishwa katika mstari wa wageni, kati ya mkuu wa jeshi na mwakilishi wa wafanyabiashara.

"Njo yule?" Halima aliuliza.

"Njo yeye."

"Angali kijana," Halima alisema, akashangaa.

Saa sita ikafika. Mkubwa wa Kinshasa hakuwa amefika. Ngoma zikaendelea, vikundi vikacheza, na kila kikundi kilipochoka kingine kiliingizwa. Ilipofika zamu ya upande wa kushoto, watu wa Barnabé nao walitakiwa kucheza na kuliimbia jina la Kiongozi. Geneviève alicheza akilia, lakini katika jua lile hakuna aliyetofautisha machozi na jasho. Halima aliketi chini, akapiga makofi tu. Juu, chini ya kivuli cha turubai, askofu aliutazama umati mzima, uso baada ya uso. Barnabé aliona wazi kwamba alikuwa akiwatafuta. Hakuwajua. Hajapata kuwaona hata mmoja wao, na sasa hata vilemba hawakuwa navyo.

Barnabé akapenya mpaka nyuma ya jukwaa, akamkuta mwanamume aliyekuwa akipanga wageni, akamwita raia, kama Chama kilivyoagiza.

"Citoyen, naomba. Yule askofu ni wetu. Amekuja kwa ajili yetu, na ndege inamngoja. Mumuruhusu ashuke kidogo tu. Tuko hapa hapa."

"Mugeni akiketi jukwaani ni mugeni wa Dola. Hawezi kuondoka mbele ya yule anayekuja."

"Na yule anakuja saa ngapi?"

Mwanamume huyo aliangalia barabara, na kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. "Hata sisi hatujui," alisema. "Rudi pahali pako, baba."

Mkubwa alifika jua limekwisha kuinama. Alihutubu kwa muda mrefu, na alipomaliza komiseri naye akamshukuru kwa muda mrefu. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamepanda, meusi chini. Rubani, ambaye alikuwa amekuja kusimama pembeni ya jukwaa, alionyesha mbingu, kisha saa yake. Wageni walipoanza kushuka, askofu alichukuliwa moja kwa moja hadi garini.

Barnabé alikimbia. Alilikuta gari likigeuka polepole katikati ya watu, akashika dirisha.

"Baba Askofu, mimi ni Barnabé. Watu wako wale kule."

Askofu alimshika mkono. "Nilimwomba komiseri mara nyingi," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya dereva. "Nilimwomba hata kwa kikaratasi. Rubani anasema mvua ikitukuta hapa hatutoki leo, na ndege inatakiwa kwingine kesho alfajiri." Akatazama alikoonyeshwa. "Wako wapi?"

Walikuwa wamekwisha kuvaa vilemba. Okito alikuwa amepiga magoti vumbini, na wengine walipomwona nao wakapiga magoti, Halima akishikiliwa na Geneviève. Askofu akautoa mkono nje ya dirisha, akaunyoosha kuelekea kwao, akasema maneno ya baraka. Watu wa Chama walipita katikati wakikunja bendera. Gari likaondoka.

Jumapili iliyofuata Okito hakungoja sala ziishe. Alisimama.

"Mwalimu, mimi nauliza. Askofu alinyoosha mukono, sisi tulipiga magoti. Sasa sisi si tumewekewa? Mungu anapima hewa ya katikati?"

Watu wakanong'ona. Barnabé aliangalia kitabu mikononi mwake. Alitamani sana kusema ndiyo. Aliona jinsi neno hilo moja lingewanyoosha migongo wote.

"Ile ilikuwa baraka," alisema. "Mukono unawekwa kichwani. Kila kichwa, na jina lake. Hamujawekewa."

"Basi nimechoka," Okito alisema, si kwa hasira. Alichukua kiti chake akaondoka, na baada yake wengine wakachukua vyao. Halima alibaki. Alimwambia Barnabé kwamba hakuelewa vizuri, lakini miguu haikuwa na nguvu ya kumpeleka kwingine.

Mvua za mwisho zilipokatika, Halima hakuweza tena kuamka kitandani. Ilikuwa adhuhuri Hamadi alipoingia dukani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alingoja mpaka mteja wa mwisho akatoka.

"Dada yangu anaomba mukate wenu," alisema. "Mimi ni Muislamu, sijui mambo hayo, na pengine si vizuri mimi kukuletea neno hili. Lakini anaomba. Nimekuja."

Barnabé akafunga duka. Xavier alijaribu fonia mchana ule wote, akitafuta kasisi popote alipo. Aliambiwa wa karibu yuko safarini, na barabara haipitiki bado. Barnabé akaenda na kitabu chake tu.

Halima alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Aliangalia mikono ya Barnabé, akaona kitabu.

"Hukuleta."

"Sina cha kuleta, Mama Halima. Hakuna kasisi."

"Nipe wewe. Nani ataona? Hamadi atageuka ukutani."

"Siwezi."

"Huwezi ao hutaki?"

"Siwezi. Nikikupa mimi, itakuwa mukate tu."

Halima alitafuta pumzi. "Nimekaanga mikate maisha yangu yote," alisema mwishowe. "Mukate tu naujua. Usinipe huo." Kisha, kwa kuwa Barnabé alikuwa ameinamisha kichwa, akamgusa mkono. "Soma basi. Soma ile unaweza."

Akamsomea zaburi mpaka sauti ikakauka. Hamadi alikaa mlangoni akisikiliza, hakugeuka ukutani. Halima alifariki kabla ya alasiri ya siku ya pili.

Barnabé alidhani atamzika. Alikuwa amekwisha kuagiza mbao. Lakini alipofika msibani, wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mkeka, na Mzee Kasimu, mdogo wa baba yake Halima, akamwomba aketi nao. Walimpa maji kwanza.

"Tunataka kukuuliza, Mwalimu, na wewe ni muntu wa kweli, watu wanasema. Halima alikuwa wenu?"

"Alibatizwa, Mzee."

"Tunajua. Lakini tumesikia kwamba kwenu kuna kuingia na kuna kumaliza kuingia. Alikuwa amemaliza?"

Barnabé alimtazama Hamadi. Hamadi alikuwa akitazama chini.

"Alibakiza kipaimara," alisema.

"Alipata kula kwenye meza yenu?"

"Hapana."

"Miaka yote hiyo?"

"Hapana, Mzee."

Mzee Kasimu alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kufurahi kwamba ameshinda. "Muntu asiyepata kula nyumbani kwako angali mugeni wako. Na mugeni akifa, ndugu zake wanamuchukua. Utatusamehe."

Barnabé alitaka kusema kwamba maji ya ubatizo hayafutiki, kwamba kitabu kinasema hivyo, kwamba Halima ndiye aliyengoja kuliko wote. Lakini maneno ya mzee yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyowafundisha uani mwaka baada ya mwaka, na hakujua ayashike wapi ili ayageuze. Alisema, "Nimesikia, Mzee."

Wakamwosha, wakamvika sanda, wakamsalia, wakamzika siku ile ile kati ya wazazi wake. Barnabé alisimama nje ya makaburi pamoja na Mado, Geneviève, na Okito, ambaye alikuwa amekuja kimya akajiunga nao. Hawakuimba. Hawakujua kama wanaruhusiwa hata kuomba kwa sauti. Udongo wa mwisho ulipowekwa, Hamadi alikuja akamshika Barnabé mkono.

Askofu alikuja kiangazi hicho hicho. Alikuja kwa gari, siku ya kazi isiyo na sherehe, akavuka mto kwa kivuko bila kuzuiwa na mtu. Uani walikuwa wamebaki wachache. Okito alirudi kwa ajili ya siku hiyo. Askofu aliweka mikono juu ya kila kichwa, akataja kila jina, na yote yakaisha mapema, uji wa asubuhi jikoni ukiwa bado una joto. Kisha wakaja mezani, wakala. Geneviève alikuwa wa kwanza. Barnabé alipokea wa mwisho, na alipokuwa akimeza alijikuta hahisi kitu chochote, ila kwamba magoti yanamuuma.

Alipotoka nje, Hamadi alikuwa amesimama barabarani kando ya matete. Alikuwa amesikia mjini kwamba askofu amefika.

"Yeye njo yule wa siku ile?"

"Njo yeye."

Hamadi alitazama kupitia mlangoni, ambako askofu alikuwa akikunja kanzu yake na kumshukuru Mado kwa maji.

"Anaweza kumuwekea mukono muntu aliyekwisha kufa?"

"Hapana," Barnabé alisema.

"Nilidhani hivyo," Hamadi alisema. "Nilitaka tu kuuliza." Akaaga vizuri, akamtakia mgeni safari njema, akashika njia ya kurudi kwenye cherehani yake.